Vigogo Huangushwa kwa Hesabu

Januari 2019 Simba ilikwenda Kinshasa kucheza na AS Vita Club katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa mabao 5-0. Wiki mbili baadaye ikasafiri hadi Misri kukutana na Al Ahly, ikala nyingine tano bila majibu. Vijiweni kuanzia Kariakoo hadi Mwanza watani wa jadi walicheka mpaka wakashika mbavu, na wana Msimbazi, mashabiki wa Simba wenyewe, wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba kundi lile lilikuwa zito kuliko uwezo wa klabu yao.

Siku kumi baada ya kipigo cha Misri, Februari 12, Al Ahly ile ile ilitua Dar es Salaam. Filimbi ya mwisho ilipolia katika Uwanja wa Taifa, ubao ulisomeka Simba 1, Al Ahly 0, bao la Meddie Kagere. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Vita. Wakongo wakatangulia kufunga, Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ akasawazisha, na mchezo ukiwa ukingoni Clatous Chama akapachika bao la pili lililoipeleka Simba robo fainali.

Hesabu ya kundi lile inafaa kutazamwa kwa utulivu. Ugenini Simba ilicheza mechi tatu, ikaruhusu mabao 12, haikufunga hata moja na haikuambulia pointi. Nyumbani ilicheza mechi tatu ikabeba pointi zote tisa. Kocha alikuwa yule yule, Mbelgiji Patrick Aussems. Wapinzani walikuwa wale wale. Mwezi huu timu inachezewa kama ya daraja la chini, mwezi ujao inamfunga kigogo wa bara zima.

Mtaani majibu hayakosekani. Wapo wanaotaja dua, wapo wanaotaja kelele za jukwaani, na wapo wanaofunga mjadala kwa kusema mpira unadunda. Mimi naamini jibu lipo kwenye kazi, tena kazi inayoonekana kwa macho. Timu ndogo humshinda kubwa pale inapochagua yenyewe ni mchezo gani utachezwa siku hiyo. Huyapunguza mambo yanayoamua matokeo mpaka yabaki machache, huyafanyia mazoezi hayo machache kuliko mpinzani wake, kisha kikosi kizima hukubali kuyatii hadi mwamuzi apulize filimbi ya mwisho. Ukifuatilia visa vya wadogo walioangusha vigogo, wa hapa kwetu na wa mbali, utaikuta kanuni hiyo kila mahali.

Uchache wa mabao ni mlango wa mnyonge

Tuanze na tabia ya mchezo wenyewe. Katika mpira wa kikapu timu hufunga pointi themanini, tisini, hata mia na ushee kwa mechi moja. Kila shambulizi ni nafasi ya ubora kujionyesha, na kwa kuwa mashambulizi ni mengi, mwenye uwezo mkubwa mara nyingi humaliza akiwa mbele. Mpira wa miguu hauko hivyo. Mechi nyingi huamuliwa na bao moja au mawili. Timu inaweza kumiliki mpira, ikapiga mashuti ishirini na kona kumi, ikaondoka mikono mitupu. Kadiri matukio yanayoamua mchezo yanavyokuwa machache, ndivyo pengo la ubora linavyopungua makali.

Ndiyo maana ligi ndefu mara nyingi humpata bingwa aliye bora kweli, wakati mechi moja ya mtoano inaweza kumlaza nje mtu yeyote. Leicester City waliotwaa Ligi Kuu ya England msimu wa 2015/16 wakiwa na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal walioshika nafasi ya pili, ni kisa adimu. Hata wao hawakujaribu kuwa Arsenal. Walikuwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira kwa muda mfupi zaidi katika ligi ile. N’Golo Kanté ananyang’anya, pasi ndefu inatoka mara moja, Jamie Vardy yuko mbioni nyuma ya mabeki. Mpinzani alijua kinachokuja, lakini kukijua hakukumsaidia kukizuia.

Waliolifahamu jambo hili kuliko wote ni Wagiriki wa mwaka 2004. Kabla ya Euro ya Ureno, Ugiriki haikuwa imeshinda hata mechi moja katika fainali za Ulaya wala za Dunia. Kocha wao, Mjerumani Otto Rehhagel, hakuwa na mshambuliaji wa kutisha wala kiungo wa kuchezea mpira apendavyo. Aliwapa mabeki wake kazi ya kukaba mtu kwa mtu, akajaza katikati ya uwanja, akawekeza kwenye krosi na mipira iliyokufa. Robo fainali waliwatoa Ufaransa waliokuwa mabingwa watetezi, nusu fainali Jamhuri ya Czech, na fainali wenyeji Ureno. Mechi zote tatu ziliisha 1-0. Mabao yote matatu yalifungwa kwa kichwa.

Bao la fainali linastahili kuangaliwa kwa karibu. Dakika ya 57, jijini Lisbon, Angelos Basinas anapiga kona kutoka kulia na Angelos Charisteas anaruka juu ya mabeki. Uwanjani upande wa Ureno yupo Luís Figo, yupo pia Cristiano Ronaldo akiwa na miaka 19. Ufundi wote wa wawili hao hauna kazi katika sekunde zile, kwa sababu kwenye kona mpira umesimama na hakuna wa kupigwa chenga. Kinachotakiwa ni mpigaji anayeupeleka mpira pale pale ulipokubaliwa mazoezini, na mrukaji anayejua muda wa kuanza mbio zake. Kwa sekunde hizo chache Ugiriki na Ureno walikuwa sawa, au Ugiriki walikuwa zaidi. Rehhagel aliijenga timu nzima kwa ajili ya sekunde za namna hiyo.

Kazi ya yule asiye na mpira

Mashabiki wetu wana neno kali kwa timu inayojilinda: imepaki basi. Neno hilo linabeba dharau, kana kwamba kujilinda ni kusimama mbele ya lango ukingoja muujiza. Aliyewahi kuitazama timu ikijilinda vizuri kwa nusu saa tu anajua kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko kushambulia.

Agosti 10, 2025, katika michuano ya CHAN, Harambee Stars ya Kenya iliikaribisha Moroko katika uwanja wa Kasarani. Moroko ilikwishalitwaa kombe hilo mara mbili, matoleo ya 2018 na 2020. Kuelekea mapumziko Ryan Ogam aliifungia Kenya bao. Kabla wachezaji hawajaingia vyumbani, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Vijana wa kocha Benni McCarthy wakabaki kumi, wakiwa na kipindi kizima mbele yao, dhidi ya timu iliyozoea kuchezea mpira kama wa kwao peke yao. Mechi iliisha 1-0. Moroko ile ile, iliyopoteza Kasarani, ndiyo iliyokuja kulibeba kombe mwisho wa mwezi.

Timu ikipungua mtu mmoja, uwanja haupungui. Haiwezekani kulinda kila mahali, kwa hiyo lazima ichague sehemu ya kuachia. Timu inayojua kazi yake huachia pembeni na kuziba katikati, kwa kuwa krosi inayotoka mbali ni rahisi kuiondoa kuliko pasi inayopenya kati ya mabeki wawili. Mistari miwili hukaa karibu, mabeki na viungo, na nafasi iliyo kati yao hubaki finyu kiasi kwamba mshambuliaji akipokea mpira humo hapati nafasi ya kugeuka. Mpira ukienda kulia wote husogea kulia, ukirudi kushoto wote hurudi. Anayemfuata mwenye mpira ni mmoja, wengine hufunga mlango nyuma yake. Akitoka wa pili bila mpango, ukuta wote umebomoka.

Mtihani mgumu zaidi ni wa yule aliye mbali kabisa na mpira. Kwa dakika nyingi haguswi na jambo lolote, wala jukwaa halimtazami, lakini akisahau kusogea hatua tatu bao linaingia kupitia kwake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kujilinda kwa namna hii ni kuinama dakika tisini mfululizo. Nyota hawapendi kuinama. Hapo ndipo kikosi chenye majina madogo kinapopata faida, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuwashawishi watu wasio na majina kuifanya kazi isiyo na sifa.

Pune, 1996: nidhamu dhidi ya majina

Kanuni hii haiishii kwenye mpira wa miguu. Februari 29, 1996, katika mji wa Pune nchini India, timu ya kriketi ya Kenya ilikutana na West Indies kwenye Kombe la Dunia. West Indies walikuwa mabingwa wa dunia mara mbili, 1975 na 1979, na kikosini walikuwa na Brian Lara, mmoja wa wapigaji wakubwa kuwahi kushika gongo. Wengi katika kikosi cha Kenya walikuwa wachezaji wa ridhaa, watu wenye ajira zao nyumbani.

Kenya ilipiga kwanza ikatolewa yote kwa mikimbio 166, idadi ndogo ambayo kwa timu kama ile ilionekana kama zawadi. Lakini katika idadi hiyo kuna jambo linalosema mengi. Hakuna mpigaji wa Kenya aliyefunga mikimbio mingi kuliko ile ya ziada, mikimbio 37, ambayo mingi ilitokana na makosa ya wapinzani wenyewe. Warushaji wa West Indies walitupa mipira nje ya mstari, wakavuka alama, wakagawa bure. Walicheza kama watu wanaoamini kwamba jina litamalizia kazi.

Zamu ya Kenya ya kurusha ilipofika, nahodha Maurice Odumbe na wenzake walifanya jambo moja, wakalirudia bila kuchoka: mpira kwenye mstari, urefu ule ule, bila zawadi. Rajab Ali alimtoa nahodha Richie Richardson, kisha Lara akagusa mpira wake na mlinda wiketi Tariq Iqbal akaudaka. Odumbe mwenyewe alirusha ova kumi kamili, akaruhusu mikimbio 15 tu na kuchukua wiketi tatu. Warushaji wa polepole kama yeye hawamtishi mpigaji kwa kasi. Wanamnyima mikimbio mpaka subira imuishie, apige mpira asiopaswa kuupiga. Hakuna mpigaji wa West Indies aliyefikisha mikimbio 20. Timu nzima ilitoka kwa 93, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 73.

Kigogo ana udhaifu ambao mara nyingi haupo miguuni wala mikononi mwake. Amezoea mambo yamwendee vizuri mapema. Dakika zikipita bila bao, au ova zikipita bila mikimbio, huanza kuharakisha, na katika haraka hiyo huzaliwa makosa ambayo kwa kawaida asingeyafanya. Mdogo anayejua hilo haogopi muda kusogea. Anajua kwamba kila dakika inayopita bila jambo inamsumbua mwenzake kuliko inavyomsumbua yeye.

Kuna wakati mdogo hashambuliwi, anashambulia

Isidhaniwe kwamba dawa ya kigogo ni kujificha tu. Aprili 2016 jijini Singapore, Shujaa, timu ya raga ya wachezaji saba ya Kenya, iliingia fainali dhidi ya Fiji, taifa ambalo raga ya saba ni mchezo wa damuni. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, aliyekuwa mchezaji na nahodha wa timu hiyo hiyo kabla ya kuifundisha, na ambaye tulimpoteza 2021. Kenya ilishinda 30-7 na kutwaa taji lake la kwanza kabisa la Msururu wa Dunia. Miezi minne baadaye Fiji ilikwenda Rio de Janeiro na kurudi na dhahabu ya Olimpiki. Basi waliofungwa Singapore hawakuwa timu mbovu.

Katika raga ya saba uwanja ni ule ule wa watu kumi na watano, kwa hiyo nafasi ni kubwa mno. Ukimwachia Mfiji mpira, pasi zake za mkono mmoja zitakumaliza. Njia iliyo salama ni kumnyima mpira wenyewe. Kila baada ya mguso mchezo huanza upya kwa mkwaju wa kuanzia, na timu iliyofunga ndiyo inayopiga. Ina maana kwamba ukifunga kisha ukaushindania mpira wa mkwaju wako na kuudaka tena, mpinzani anaweza kukaa dakika mbili tatu bila kuugusa, katika mchezo ambao wenyewe ni mfupi. Kwa timu yenye warukaji na wenye kasi kama Collins Injera, huo ndio mchezo wa kuchagua.

Ugiriki walipunguza matukio kwa kurudi nyuma, na Shujaa wakayapunguza matukio ya Fiji kwa kukaa na mpira. Njia zimetofautiana kwa sababu watu na michezo vimetofautiana. Kocha anayenakili mbinu ya kujilinda kwa sababu tu iliwafaa wengine, bila kuwapima wachezaji alionao, atafungwa akiwa amejilinda.

Safari ya kutoka tano hadi moja

Turudi Msimbazi. Tumeona kwamba 2019 nyumbani palikuwa kinga na ugenini palikuwa machinjioni. Faida ya nyumbani ni ya kweli: mgeni amesafiri, Februari ya Dar es Salaam ina joto na unyevu unaokata pumzi, na uwanja wenye viti 60,000 ukiimba kwa pamoja humpa mwenyeji ujasiri wa kukaba juu tangu dakika ya kwanza. Baada ya uwanja kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa mwaka 2020, msemo wa “Kwa Mkapa hatoki mtu” ukawa kama wimbo wa taifa wa Wekundu hao. Ni msemo mzuri, lakini haupandi ndege kwenda Kinshasa.

Agosti 2019 Simba ilitolewa mapema kabisa na UD Songo ya Msumbiji, kwa sare ya 1-1 ya hapa hapa Dar es Salaam baada ya suluhu ugenini. Aliyefunga bao la Wamsumbiji ni kijana aitwaye Luis Miquissone. Klabu ingeweza kuliita bao hilo bahati mbaya na kuendelea na maisha. Badala yake miezi michache baadaye ilimsajili mfungaji. Wakati huo huo uti wa mgongo wa timu ukabaki: Aishi Manula golini, Tshabalala, Pascal Wawa, Jonas Mkude, Chama, John Bocco, Kagere. Watu waliofungwa tano pamoja waliendelea kucheza pamoja.

Februari 2021 Simba ilirudi Kinshasa kwa Vita ile ile. Ikashinda 1-0 kwa penalti ya Chris Mugalu. Mwezi huo huo Al Ahly, mabingwa wa Afrika waliokuwa wametoka kushika nafasi ya tatu kwenye Kombe la Dunia la Klabu, walikuja kwa Mkapa na kocha wao Pitso Mosimane. Katika kipindi cha kwanza Miquissone alipokea mpira nje ya boksi na kuachia shuti lililomshinda kipa. Moja bila, ikabaki hivyo mpaka mwisho. Sudan Simba ilipata suluhu na El Merrikh, Cairo ikafungwa bao moja tu. Mechi tatu za ugenini ambazo mwaka 2019 ziligharimu mabao 12, safari hii ziligharimu moja. Simba ya Didier Gomes ilimaliza kinara wa kundi kwa pointi 13, mbele ya Al Ahly waliokwenda kutwaa ubingwa wa Afrika msimu huo huo.

Majirani wa Jangwani nao walithibitisha kwamba ushindi wa ugenini unawezekana. Katika Kombe la Shirikisho la 2022/23, Yanga ya Nasreddine Nabi ilianza kundi kwa kufungwa 2-0 na US Monastir huko Tunisia, lakini ilimaliza kundi kwa kuifunga TP Mazembe 1-0 ndani ya Lubumbashi. Ikashinda Nigeria, ikashinda Afrika Kusini, na katika fainali ya pili ikaifunga USM Alger 1-0 kule Algiers. Kombe lilipotea kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam. Timu ya Tanzania kushinda ugenini dhidi ya Waarabu kwenye fainali, jambo ambalo wazee wetu wa mpira walilisikia kama ndoto, limetokea mchana kweupe.

Dakika 120 zikishaisha

Mara nyingi mpango wa mdogo huishia kwenye mikwaju ya penalti, na hapo napo watu hukimbilia neno bahati. Mwaka 2003 Simba iliyofundishwa na Mkenya James Siang’a iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek, kwao Cairo, kwa penalti, baada ya kila timu kushinda nyumbani 1-0. Jina la kipa Juma Kaseja lilizaliwa upya usiku ule. Mwaka 2012 Zambia ya Hervé Renard iliishinda Ivory Coast kwa penalti 8-7 katika fainali ya AFCON jijini Libreville. Ivory Coast hawakuruhusu bao hata moja katika mashindano yale yote, na fainali yenyewe iliisha bila bao, Didier Drogba akiwa amepaisha penalti katika muda wa kawaida.

Zambia walikuwa na sababu iliyozidi mpira. Karibu na mji ule, Aprili 1993, ndege iliyowabeba wachezaji wa taifa lao ilianguka baharini. Kabla ya fainali kikosi kilikwenda ufukweni kuwawekea maua. Huzuni ile iliwaunganisha, hilo halina ubishi. Hata hivyo majonzi hayapigi penalti. Mpigaji aliyetulia baada ya dakika 120 ni yule aliyekwishajua tangu mazoezini atapiga upande gani, na kipa aliyetulia ni yule aliyewasoma wapigaji kabla hajavaa glavu. Moyo humfanya mtu akubali kazi, kisha kazi ndiyo inayomlipa.

Kesho yake asubuhi

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tumekuwa hodari wa kuangusha vigogo, lakini siku inayofuata mara nyingi hutukuta hatujajiandaa. Simba iliyomaliza juu ya Al Ahly mwaka 2021 ilikwenda Johannesburg kwa Kaizer Chiefs katika robo fainali ikitazamwa kama timu bora zaidi, ikafungwa 4-0. Marudiano ikashinda 3-0, ikatolewa kwa bao moja. Kenya iliyoishinda Moroko ikiwa pungufu ilitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, kwenye uwanja ule ule wa Kasarani. Katika mechi hizo mbili watu wetu ndio waliokuwa vigogo, na wenzetu ndio waliokuja na hesabu.

Historia ndefu inauma zaidi. Kriketi ya Kenya baada ya Pune ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, njiani ikaichapa Sri Lanka jijini Nairobi siku ambayo Collins Obuya alichukua wiketi tano. Kufikia 2014 nchi hiyo ilikuwa imepoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Shujaa walioifunga Fiji walishuka daraja 2023, kabla ya kupigana na kurejea 2024. Vipaji havikukauka Kenya katika miaka hiyo. Kilichokauka ni uongozi wa kuvitunza: mashindano ya ndani, mafunzo ya vijana, malipo ya wakati.

Malipo ni sehemu ya mbinu, wala tusiyaone kama suala la ofisini tu. Kombe la Dunia la 2014 Ghana ilitoka sare ya 2-2 na Ujerumani, timu iliyokuja kuwa bingwa. Siku chache baadaye fedha taslimu za posho zilibidi zisafirishwe kwa ndege hadi Brazil kwa sababu wachezaji walikuwa wamechoka kuahidiwa, na nyota wawili wakafukuzwa kambini. Ghana ikafungwa na Ureno, ikarudi nyumbani. Kikosi kilichoweza kusimama na bingwa wa dunia kilivunjwa na ahadi zisizotimizwa. Mchezaji anayefikiria posho yake dakika ya 70 hawezi kukumbuka kusogea zile hatua tatu.

Hapa Tanzania tumeona serikali ikitoa zawadi kwa kila bao la michuano ya Afrika, maarufu kama Goli la Mama, iliyoanza 2023 kwa shilingi milioni tano kwa bao. Hamasa ile ilipokewa vizuri na ilistahili kupokewa vizuri. Lakini bao linalofungwa leo lilianza kutengenezwa miaka kumi iliyopita, kwenye uwanja wa shule, na mwalimu aliyemfundisha mtoto kupokea mpira akiwa ameangalia pembeni. Mwalimu huyo hana fungu. Wakati shilingi ya kwanza ya hamasa inakwenda kwa mfungaji, ya pili iende kwake.

Kwa hiyo ratiba ya makundi itakapotoka tena na majina ya Al Ahly, Mamelodi Sundowns au Wydad yakaonekana mbele yetu, tuwaulize viongozi wetu maswali ya watu wanaoujua mpira. Je, kikosi cha msimu uliopita kimebaki pamoja au kimebomolewa kwa sababu ya mechi mbili mbaya? Kocha amepewa muda gani? Nani ameangalia mechi kumi za mwisho za mpinzani, na ameona nini? Kona zetu zinafanyiwa mazoezi siku ngapi kwa wiki? Mishahara imelipwa? Kiongozi mwenye majibu ya maswali hayo anastahili uwanja uliojaa na sauti zetu zote. Asiye nayo tumwambie mapema, kabla ya mechi, kwamba anatuomba tukashangilie bahati, na bahati haijawahi kuijenga timu yoyote.